Kumfundisha Mwanafunzi Kuimba Tenori: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Sauti

Juu kidogo ya C ya kati ya kinanda, kuanzia D hadi G, kuna nota sita ukihesabu na za vibao vyeusi. Ndani ya nota hizo sita ndimo mwimbaji wa tenori, ile sauti ya juu ya kiume, anapopatikana au anapopotea. Wanafunzi hawapendi kusikia hivyo. Wao huja wakiuliza watafika lini C ya juu, na wengine huwa wameshajaribu nyumbani hadi mishipa ya shingo imesimama. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume na hamu yao: tunaijenga sauti kutoka katikati, tunairuhusu iwe nyepesi kabla haijawa na nguvu, na kilele tunakiacha kije chenyewe.

Kabla ya kuanza, tukubaliane kuhusu majina ya nota. Ninaposema C ya kati nina maana ya ile iliyo katikati ya kinanda, yenye mitikisiko karibu 262 kwa sekunde. A iliyo juu yake ni ile ya 440, ambayo wapiga ala wengi hurekebishia ala zao. C ya chini iko oktava moja chini ya C ya kati, na C ya juu oktava moja juu yake. Ukisoma karatasi ya tenori iliyoandikwa kwa ufunguo wa G, tazama kama kuna tarakimu ndogo ya 8 chini ya ufunguo. Hiyo inakuambia kwamba nota zinasikika oktava moja chini ya zilivyoandikwa. Hata pale 8 inapoachwa, mwanamume huimba oktava ya chini. Mwanafunzi asiyejua hili anaweza kuona karatasi na kudhani anadaiwa miujiza.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni tenori kweli

Kosa kubwa la walimu wa kwaya ni kumpima mtu kwa nota yake ya juu kabisa. Anafika G? Mpeleke sauti ya tatu, yaani tenori. Hafiki? Besi. Kipimo hicho ni rahisi na kinadanganya pande zote mbili.

Fanya hivi. Mwambie aimbe "a" kwa sauti ya kawaida akianzia C ya chini, apande nota moja moja, nawe usimwelekeze chochote. Tazama na usikilize. Mahali fulani kidevu kitaanza kuinuka, au sauti itageuka kelele, au itavunjika na kuwa nyembamba ghafla. Andika nota hiyo. Kwa tenori walio wengi, dalili hizi huanza karibu na D au E juu ya C ya kati, na kufikia G sauti huwa imeshadai kugeuka. Kwa baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya tenori na besi, huanza mapema zaidi, karibu na B iliyo chini kidogo ya C ya kati, na kugeuka karibu na E. Mahali sauti inapogeuka panaeleza mengi kuliko mahali inapoishia.

Kisha muangalie anapokaa bila kuchoka. Mpe wimbo mfupi unaozunguka kati ya A iliyo chini ya C ya kati na E iliyo juu yake, arudie mara nne. Tenori atazidi kufunguka. Baritoni atafika nota zote, lakini mara ya nne utasikia amechoka. Sikiliza pia rangi ya sauti na jinsi anavyozungumza, ila hizo ni dalili za kuongezea tu. Wapo tenori wenye sauti nzito ya mazungumzo.

Usiwe na haraka ya kutoa hukumu. Plácido Domingo, mwimbaji maarufu wa opera, alijitokeza kwenye usaili mwaka 1959 kama baritoni, akaambiwa yeye ni tenori. Carlo Bergonzi aliimba baritoni kwanza, akaanza upya kama tenori mwaka 1951. Lauritz Melchior naye alipitia njia hiyohiyo. Mtu mzima ambaye hajafundishwa mara nyingi husikika kama baritoni kwa sababu tu hajui kuvuka daraja, yaani zile nota ambamo sauti hugeuka.

Upande wa pili wa kosa hili naujua vizuri, maana nilishalifanya. Kwaya ilikuwa na watu wawili tu wa sauti ya tatu, nami nikamhamishia huko kijana mmoja wa besi mwenye sikio zuri. Alifika nota zote. Baada ya miezi minne alikuwa akimaliza kila zoezi akiwa amekaukiwa, na sauti yake ya chini, iliyokuwa nzuri, ilianza kuwa na ukungu. Tulimrudisha alikotoka na ikamchukua muda kupona. Uhaba wa tenori ni tatizo la kwaya. Usilitatue kwa koo la mtu.

Na mvulana ambaye sauti yake inabadilika? Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 12 na 15: nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti hushuka karibu oktava nzima. Aendelee kuimba, kwa sauti ya wastani, katika nota zile tu zinazotoka kwa urahisi mwezi huo. Mwezi ujao zinaweza kuwa nyingine. Usimpe jina la sauti yoyote kwa sasa.

Hatua ya pili: mwili

Hapa sikai sana. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, magoti yasikazwe, kifua kiwe kimeinuka kidogo bila kuvimba, na kichwa kikae juu ya shingo badala ya kutangulia mbele yake. Kwa tenori kuna jambo moja la ziada: kidevu. Nota ikipanda, kidevu hutaka kupanda nayo, kana kwamba nota iko darini. Mwimbishe akiwa amesimama kisogo na mgongo vikigusa ukuta, na ataligundua mwenyewe.

Hatua ya tatu: pumzi

"Imba kwa tumbo" ni usemi uliowapoteza wengi. Mwanafunzi anausikia, anakaza tumbo na kulisukuma, na hewa inatoka kwa kishindo na kuzigonga nyuzi za sauti. Mweleze mambo yalivyo. Kiwambo ni msuli wa kuvutia pumzi ndani. Kinaposhuka, mapafu hujaa na tumbo husogea mbele kwa sababu vilivyomo vimebanwa. Wakati wa kuimba kazi yetu ni kukichelewesha kisirudi juu upesi, na mbavu zikae zimepanuka kwa muda mrefu iwezekanavyo.

Zoezi: avute pumzi kimya kwa hesabu ya nne, kisha aitoe kwa "sss" nyembamba, yenye nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, kwa hesabu ya 12. Wiki zinazofuata ongeza hadi 20, kisha 30. Mkono mmoja aweke ubavuni. Mbavu zikiporomoka kabla ya nusu, arudie kwa hesabu fupi zaidi. Sauti ya "sss" ikiyumba, hapo ndipo alipoachia.

Kuna jambo ambalo walimu wa tenori hulisahau. Wanafunzi hawa huvuta pumzi nyingi mno. Wakiona nota ya juu inakuja, wanajaza kifua hadi mabega yanapanda, na shinikizo lote hilo linaishia kooni. Mwambie avute kiasi cha kusema sentensi moja ndefu, basi. Nota za juu zinahitaji hewa kidogo kuliko anavyodhani.

Hatua ya nne: pasha sauti kwa mdomo uliozibwa nusu

Anza kila kipindi kwa kutetemesha midomo, ule mlio wa "brrr" ambao watoto huutoa wakiigiza gari. Ashuke so-fa-mi-re-do, akianzia mahali pa raha, kisha pandisha kii, yaani kimo cha zoezi zima, nusu toni kila mara. Asiyeweza kutetemesha midomo atumie mrija: aimbe "u" ndani yake, ncha ya chini ikiwa imezama sentimita mbili au tatu kwenye bilauri ya maji. Mapovu yakitoka kwa mtiririko usiokatika, pumzi iko sawa. Yakitoka kwa mafungu, anasukuma.

Sababu ya zoezi hili si mchezo. Mdomo ukizibwa nusu, hewa inarudisha msukumo kuelekea kooni, na nyuzi za sauti zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mwanafunzi anaweza kuvuka daraja lote hadi A akiwa kwenye mrija bila kujua kwamba amevuka. Usimwambie papo hapo. Mwache afanye siku tatu, kisha mwonyeshe kwenye kinanda nota aliyokuwa akiigusa.

Dakika tano hadi saba zinatosha.

Hatua ya tano: ilete sauti nyepesi kutoka juu

Hapa ndipo mwanafunzi wa kiume huona aibu. Unamwambia atoe "wu" nyembamba, laini, kama bundi, kwenye A iliyo juu ya C ya kati, naye anacheka au anakohoa. Anaona hiyo ni sauti ya kike. Imba wewe kwanza, bila kuomba radhi, naye ataona si ajabu.

Mwambie ukweli wa historia. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, tenori wa Ulaya walizigusa nota za juu kwa sauti nyepesi ya kichwa. Gilbert Duprez, tenori Mfaransa, alipoimba C ya juu kwa sauti ya kifua jijini Paris mwaka 1837, watazamaji walipagawa, lakini Rossini, aliyeutunga muziki wenyewe, aliifananisha sauti hiyo na ya jogoo aliyehasiwa anayechinjwa. Mtindo wa Duprez ulishinda, na masikio yetu ya leo yamezoea huo. Hata hivyo, anayeutafuta bila kupitia ule wepesi wa kale hupata mlio wa yule jogoo.

Kisha mweleze kinachotokea kooni. Nyuzi za sauti huongozwa hasa na misuli ya aina mbili. Mmoja huzifupisha na kuzinenepesha, nasi tunapata sauti ya kifua. Mwingine huzivuta zirefuke na kukonda, na hapo tunaingia sauti ya kichwa. Asiyefundishwa hupanda na msuli wa kwanza peke yake hadi ushindwe, kisha unaachia ghafla na sauti inavunjika. Tunachotaka ni makabidhiano ya polepole, mmoja akilegea huku mwingine akishika, na msikilizaji asijue yalifanyika wapi.

Kwa hiyo shusha. Aanze na "wu" kwenye A, ateleze polepole hadi C ya chini bila kuongeza nguvu njiani. Mara ya kwanza kutakuwa na mruko karibu na D au E. Arudie, kila siku mara kumi, laini. Baada ya wiki mbili au tatu mruko unakuwa mdogo. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda kwa sababu anaanza na wepesi na kuongeza uzito, badala ya kubeba uzito na kutafuta pa kuutua.

Hatua ya sita: vuka daraja

Sasa tunapanda. Kaa kwenye hatua hii miezi, si wiki.

Zoezi la kwanza: do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do kwa "nu", do ikiwa G iliyo chini ya C ya kati. So yake inaangukia D, mlangoni kabisa mwa daraja. Pandisha nusu toni moja moja hadi do iwe C ya kati na so iwe G. Ukifika hapo bila kelele, rudi chini. Usiendelee kwa kuwa tu mwanafunzi ana hamu.

La pili, likishatulia la kwanza: do-mi-so-do-so-mi-do kwa "no", do ikiwa D iliyo juu ya C ya chini, ukipanda hadi do iwe G. Hapa anaruka badala ya kutembea, na kishawishi cha kusukuma ni kikubwa zaidi.

Kuna kanuni moja inayosimamia yote mawili: anapopanda, sauti isiongezeke nguvu. Mimi humwambia mwanafunzi aipe sauti yake alama kutoka 1 hadi 10. Aanze na 5, na kileleni awe na 4. Atakuambia, "Mwalimu, naona kama sauti inaniishia." Ndivyo inavyopaswa kuhisika. Alichozoea kukiita nguvu kilikuwa msuguano, na ukiondoka anahisi utupu. Mrekodi, mwache asikilize. Sauti anayodhani imeisha hutoka safi upande wa pili.

Sauti ikivunjika, usikunje uso. Kuvunjika kunaonyesha kwamba hajakaba koo. Anayekaba havunjiki, anakwama, na huyo ndiye wa kuogopewa. Ajabu ni kwamba wanafunzi wenye aibu ya kuvunjika ndio wanaochelewa zaidi.

Tazama kikoromeo. Aweke kidole juu yake, kwa wepesi tu, na aimbe zoezi. Kusogea kidogo ni kawaida. Kikiruka juu na kujificha chini ya kidevu, anatumia misuli ya kumezea. Dawa yake ni kuvuta pumzi kama anayetaka kupiga mwayo na kuuzuia, kisha kuimba na koo hiyohiyo. Lakini asikishushe kwa kukisukuma kwa ulimi. Hapo hupata sauti nzito ya bandia, kama ya mtu anayejifanya mzee, na walimu wengi huisifu kwa makosa.

Miezi ikipita, ongeza zoezi gumu kuliko yote: nota moja, tuseme E, aianze kwa sauti ndogo kabisa, aikuze polepole, kisha airudishe ilikoanzia bila kukatika. Sekunde nane zinatosha. Anayeweza kufanya hivyo kwenye E, F na G ameshakuwa tenori, hata kama hajawahi kuigusa B.

Hatua ya saba: irabu, na zawadi iliyomo katika Kiswahili

Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili anakuja na mtaji. Irabu zetu ni tano tu, ziko safi, hazitelezi kutoka moja kwenda nyingine, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Walimu wa lugha nyingine hutumia muda mrefu kutafuta hali hiyo.

Tatizo ni "a". Ndiyo irabu yetu ya kawaida kuliko zote, na darajani ndiyo inayoponza. Umbo la kinywa kwenye "a" iliyopanuka huikuza sehemu fulani ya sauti kwa namna inayofanana kabisa na ukelele wa mtu anayeita mbali. Chini ya D hakuna shida. Kwenye F na G, "a" hiyo ikibaki wazi, mwimbaji anapayuka. Basi iviringe. Nota moja kabla ya daraja, "a" ianze kuelekea "o", midomo ikija mbele kidogo na taya likishuka wima badala ya kutanuka. "O" nayo isogee kidogo upande wa "u". "E" ipewe midomo ya mviringo. "I" na "u" karibu ziachwe zilivyo, ndiyo maana tulianza na "nu" na "wu".

Mwanafunzi atalalamika kwamba anaharibu neno. Mweke upande mmoja wa chumba aimbe "amani" na silabi ya kati ikiwa kwenye F, na mwanafunzi mwingine asimame mbali amwambie alichosikia. Atasikia "amani". Mwimbaji ndiye anayesikia "amoni", kwa kuwa yuko ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Zawadi nyingine ni "ng'". Mzungumzaji wa Kiswahili anaanza nayo silabi bila kufikiri, kama katika "ng'ombe" na "ng'ara", jambo ambalo wazungumzaji wa lugha nyingi hulihangaikia. Aimbe "ng'" akiishikilia, ahisi mtetemo puani na nyuma ya mashavu, kisha afungue polepole: "ng'–a". Kaakaa laini linainuka, na sauti inabaki na ule mng'ao. Akipoteza mng'ao wakati wa kufungua, amefungua kwa haraka mno.

Usisahau "m" na "n" zinazosimama peke yake kama silabi: mtu, nchi, mji. Kwenye muziki mara nyingi hupewa nota yake. Wengi huimeza "m" hiyo na kukimbilia irabu inayofuata, na mdundo unapotea. Aiimbe kwa sauti kamili, midomo imefungwa na meno yameachana ndani. Kwenye nota za juu "m" kama hiyo ni mahali pa kupumzikia.

Hatua ya nane: A, B na C ya juu

Utajua wakati umefika pale G itakapokuwa haimtishi. Hapo peleka mazoezi ya hatua ya sita juu zaidi, lakini nota ya kileleni iguswe tu na kuachwa, kama mtu anayepima joto la pasi kwa kidole. Kuishikilia kuje baadaye. Katika kipindi cha dakika arobaini, nota zilizo juu ya A zisipewe zaidi ya dakika tano, tena katikati ya kipindi, mwili ukiwa umepashwa na haujachoka. Mwimbaji wa kwaya ya kawaida hata hahitaji zaidi ya hapo: sehemu nyingi za tenori hukaa kati ya C ya chini na A. C ya juu ni ya mwimbaji wa peke yake.

Kinachomfanya tenori asikike juu ya ala nyingi si wingi wa hewa. Sauti iliyofunzwa ya kiume hukusanya nguvu karibu na mitikisiko 3000 kwa sekunde, eneo ambalo sikio la binadamu ni kali sana na ambalo okestra haina nguvu nyingi, kwani nguvu zake ziko chini zaidi, karibu na 500. Huu ndio mlio ambao waimbaji huuita mng'ao. Kuutafuta, mwambie aigize mtoto anayedhihaki wenzake: "nye-nye-nye-nye", kwa ukali wa puani, kwenye nota za katikati. Ni mbaya kusikiliza. Kisha auweke ukali huohuo ndani ya koo ya mwayo, na kitu kizuri kinatokea. Usikae kwenye "nye" zaidi ya dakika mbili.

Hatua ya tisa: nyimbo na kwaya

Ukichagua wimbo wa mwanafunzi, usitazame nota ya juu kabisa. Hesabu ni mara ngapi wimbo unakaa kati ya D na G, na kwa muda gani. Wimbo wenye A moja ya kupita ni mwepesi kuliko wimbo usiovuka F lakini unaoishi kwenye E ukurasa mzima. Ukiwa mzito, shusha kii kwa toni moja. Hakuna aibu katika hilo.

Kwenye kwaya, ugonjwa wa tenori wapya ni kuifuata sauti ya kwanza, yaani soprano, oktava moja chini. Wanasikia wimbo wenyewe, sikio linavutwa. Kwa hiyo wafundishe mstari wao kwanza na besi, kwa maana hao wako karibu nao na wanawapa msingi. Alto waingie baadaye, soprano mwisho kabisa. Tenori mara nyingi hubeba nota ya ndani ya mkordi (nota kadhaa zinazosikika pamoja), ile inayoamua kama mkordi unacheka au unahuzunika, na nota hiyo ikishuka kidogo tu kwaya yote inachafuka. Waimbe kwa sauti ndogo hadi wasikie inavyokaa, ndipo uwape ruhusa ya kuongeza.

Nyumbani, dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni zinafaa kuliko saa nzima mara moja. Wiki ya kwanza hadi ya sita: pumzi, mrija, kushuka na "wu". Baada ya hapo ongeza "nu". Mengine yote yasubiri sikio lako liseme, kwa sababu kalenda haijui koo la nani limekomaa.

Kulinda koo

Maji anywe kidogo kidogo siku nzima. Yakinywewa dakika moja kabla ya kuimba hayafiki kwenye nyuzi za sauti, kwani chakula na maji havipiti huko. Kukohoa ili kusafisha koo kunazigonganisha nyuzi, kwa hiyo ameze mate au anywe funda moja. Sauti ikichoka anyamaze. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika. Maumivu yoyote wakati wa kuimba ni amri ya kusimama, siku hiyo hiyo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla hujaendelea kumfundisha. Akitema damu au akishindwa kumeza, asisubiri hizo wiki tatu.

Siku ya kwanza kabisa, mrekodi akiimba zoezi moja na beti moja, simu ikiwa umbali wa hatua tatu. Rudia kila mwezi, zoezi lilelile, kii ileile, simu mahali palepale. Baada ya miezi sita mchezeshee ile ya kwanza bila kumwambia ni nani, umwulize mwimbaji huyo arekebishe nini. Akitaja kidevu na "a" iliyo wazi kabla hujataja wewe, unaweza kuanza kumpa vipindi vya kujisimamia mwenyewe.